Betri ya mtambo wa barafu ni barafu yenyewe

Kila nikifika mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, kufunga mtambo wa barafu wa sola, swali la kwanza ni lile lile: "Fundi, betri ngapi?" Nikijibu hakuna hata moja, watu wananitazama kama nimekuja kuwaibia.

Tupige hesabu. Maji ya Ziwa Victoria tuyachukue kuwa nyuzi 25. Kuipoza lita moja hadi sifuri unaondoa kilojuli 105 za joto, na hapo bado ni maji. Kuyagandisha tu, bila kipimajoto kushuka hata nyuzi moja, unaondoa nyingine 334. Kazi yenyewe iko hapo. Jumlisha yote mawili: kwa tani moja (lita 1,000) ni sawa na uniti 122 za joto, uniti moja ikiwa kilojuli 3,600. Kompresa nzuri huhamisha joto maradufu ya umeme inaokula, kwa hiyo zinatosha uniti 60 na kidogo. Ukiweka pampu na joto linalopenya, mimi hupanga 80. Kilowati moja ya paneli naihesabia uniti 4 kwa siku. Basi paneli za kilowati 20, tani moja ya barafu kila siku.

Na usiku? Wavuvi wa sangara huondoka jioni kwenda kutega, wakarudi asubuhi. Barafu wanaitaka alasiri, jua likiwa limeshamaliza kazi. Betri ya nini?

Kilichonitoa jasho ni unene. Mtambo wangu wa kwanza, Ukerewe, niliufungia kalibu za bati za inchi 6, zimezama kwenye maji ya chumvi ya nyuzi kumi chini ya sifuri. Jioni tukatoa mabonge mazuri, meupe. Mzee mmoja akagonga la kwanza kwa nyundo, maji yakamrukia miguuni. "Mwanangu, barafu yako ina mimba," akaniambia. Mwalo mzima ulicheka, na walikuwa na haki.

Barafu ikishaanza kuganda pembeni inageuka blanketi: joto la katikati lazima lipite humo kwanza. Ndiyo maana unene ukizidi mara mbili, muda unazidi mara nne. Inchi 6 zilitaka saa 14 hivi. Inchi 4, saa 6 tu, yaani siku moja ya jua. Nikabadilisha kalibu zote. (Kompresa nayo iwe ya kubadili mwendo. Ile ya kawaida huvuta umeme mwingi mno inapowaka, na siku ya mawingu itawaka na kuzima mpaka ife.)

Lakini bonge jembamba huyeyuka upesi. Kwa hiyo tulijenga kasha lenye kuta mbili, katikati pumba za mpunga, zimefungwa nailoni ndani na nje zisinyonye unyevu, na mabonge tunayapanga yabanane. Sasa malalamiko ni mengine: yameshikana, hayaachani bila shoka.