Kitovu cha udhibiti: nani kashika usukani?

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, waliwaketisha watu mezani wafanye kazi huku wakipigiwa kelele kali zisizo na mpangilio: sauti za watu wakiongea lugha tofauti kwa pamoja, taipureta, mashine za ofisini. Baadhi yao walionyeshwa kitufe. Ukizidiwa, bonyeza, kelele zitakoma, ila tungependa usibonyeze. Wengi hawakukigusa, kwa hiyo kelele walizosikia zilikuwa zilezile walizosikia wenzao wasio na kitufe. Zilipokwisha, watu wote walipewa mafumbo yasiyo na jibu na maandishi ya kusahihisha. Wenye kitufe hawakukata tamaa upesi, na makosa yaliyowapita yalikuwa machache.

Hiyo ndiyo hisia ya udhibiti: kuamini kwamba ukitaka, unaweza kubadilisha kinachokupata. Kinachomchosha mtu si uzito wa jambo peke yake, bali pia kutokuwa na la kufanya juu yake. Kujua litakuja lini nako kunasaidia, ingawa hilo ni jambo jingine. Mgao wa umeme wenye ratiba unaudhi, lakini angalau unapiga pasi mapema. Usio na ratiba unakuweka roho juu siku nzima, hata siku ambayo umeme haukukatika.

Sasa, watu hawalingani katika imani hiyo. Mwaka 1966 Julian Rotter, naye Mmarekani, alichapisha dodoso la kupima kile tunachoweza kukiita kitovu cha udhibiti. Mwenye kitovu cha ndani huona matokeo yanatokana na juhudi na maamuzi yake. Mwenye kitovu cha nje huona yanatokana na bahati, wakubwa, au mambo yalivyopangwa. Kiswahili kinazo pande zote mbili: mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ajali haina kinga. Mtu yuleyule huzisema zote mbili kwa siku moja, tena kwa haki. Rotter mwenyewe alilazimika baadaye kuwakumbusha wasomaji wake kwamba hizi si aina mbili za watu, ni mstari mmoja ambao kila mtu amesimama mahali fulani juu yake. Na anayesema "Mungu akipenda" kabla ya mtihani, halafu akakesha na daftari, usimwandike haraka kuwa ni wa nje.

Kwa jumla, wa ndani huvumilia msongo vizuri zaidi, kwa sababu wakikwama hutafuta njia: huuliza, hupanga upya, hurudia. Hapo ndipo vitabu vingi vya kujiendeleza huishia, na hapo ndipo vinaponiudhi. Vinazungumza kana kwamba usukani uko kichwani tu.

Hebu tuwatazame watumishi wa serikali wa London. Utafiti wa Whitehall, ulioanza 1967 na ambao mtafiti wa afya Michael Marmot aliufanya ujulikane, ulifuatilia wanaume wapatao 18,000. Wengi wangedhani wakubwa ndio wenye presha na mioyo mibovu. Ikawa kinyume: wa ngazi za chini ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Sigara ilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza 1985, uliangalia pia nani ana sauti juu ya kazi yake mwenyewe, na ukaona kwamba waliokuwa na sauti ndogo walipata ugonjwa wa moyo zaidi. Bosi ana mzigo mkubwa, lakini yeye ndiye anayepanga mkutano uwe saa ngapi.

Tabia na kazi hukutana hapo. Chukua makarani wawili, mmoja wa ndani, mwingine wa nje, kwenye ofisi ambayo hata saa ya kula unapangiwa. Wa ndani ndiye anayeweza kuumia zaidi: kila siku anavuta mlango uliofungwa, na akishindwa anajilaumu. Wa nje anapiga muhuri, anakwenda zake nyumbani. Siku kanuni zikilegezwa na kila mtu akaambiwa ajipangie, wa ndani atachanua. Mwenzake huenda akalala vibaya usiku huo, na asubuhi akamfuata mkubwa kuuliza aanze na faili lipi.