Mikate 6, Watu 10: Hesabu ya Karani Ahmes

Nasikia mara nyingi, hata kwa walimu wenzangu, kwamba Wamisri wa kale walikuwa dhaifu katika hesabu za sehemu (namba kama 1/2 au 3/5) kwa sababu waliandika zile zenye kiasi, yaani namba ya juu, cha 1 peke yake, ukiacha 2/3. Mimi silikubali hilo. Gombo la mafunjo lililonakiliwa na karani Ahmes yapata mwaka 1550 KK, ambalo Mskochi Alexander Henry Rhind alilinunua mjini Luxor, Misri, mwaka 1858, linaonyesha kinyume.

Tazama swali la 3: gawa mikate 6 kwa watu 10. Sisi tunajibu 3/5 na kufunga daftari. Sasa shika kisu. Ukikata 3/5 ya kila mkate, watu 6 wanapata kipande kimoja kikubwa, na wale 4 wanaungiwa masalio. Jibu la Ahmes ni 1/2 + 1/10: mikate 5 unaikata nusu kwa nusu, wa 6 unaukata vipande 10. Kila mtu anapata vipande viwili vinavyolingana na vya mwenzake. Katika nchi ambayo vibarua walilipwa mikate na bia, usawa wa namna hiyo ulikuwa na maana kubwa.

Kisha anahakiki, na hapa ndipo ninapompenda zaidi. Kuzidisha kwa Kimisri ni kurudufu, yaani kufanya mara mbili tena na tena, basi anarudufu fungu la mtu mmoja:

1: 1/2 + 1/10
2: 1 + 1/5
4: 2 + 1/3 + 1/15
8: 4 + 2/3 + 1/10 + 1/30

Jumlisha mstari wa 2 na wa 8, kwa kuwa 2 + 8 ni 10. Unapata mikate 6 kamili.

Umeona kilichotokea kwenye mstari wa 4? Kurudufu 1/10 ni rahisi, inakuwa 1/5. Lakini 1/5 mara mbili ni 2/5, ambayo haiandikiki, hivyo ikageuzwa 1/3 + 1/15. Kikwazo hiki hujitokeza kila asili, yaani namba ya chini, inapokuwa witiri (isiyogawanyika kwa 2). Kwa hiyo gombo linaanza na jedwali la 2 kugawanywa kwa kila witiri kuanzia 3 hadi 101. Kwa 97, yaani 2/97, limeandikwa 1/56 + 1/679 + 1/776. Jaribu kulihakiki kwa kalamu na karatasi, linatoka sawasawa.