Kiwango cha saratani ya watoto mkoani kinahesabiwaje?

Ukisikia mkoa mmoja una watoto 60 wenye saratani na jirani yake 20, usiharakishe kusema wa kwanza ndio wenye balaa. Hiyo ni idadi tu. Kiwango ni watoto wangapi wapya wamegundulika mwaka huo kwa kila watoto milioni moja wa chini ya miaka 15 wanaoishi hapo. Aliyegundulika mwaka juzi na bado anatibiwa hahesabiwi tena.

Kwenye nchi tajiri zenye takwimu kamili, kiwango hiki mara nyingi hucheza kati ya 140 na 180. Tuchukue 150. Wilaya yenye watoto 20,000 itarajie wagonjwa watatu kwa mwaka. Watatu! Mwaka huu wakiwa sita na mwakani asipatikane hata mmoja, huenda ni bahati tu, wala si kisima kilichotiwa sumu. Ndiyo maana wataalamu hujumlisha miaka kadhaa kabla ya kulinganisha wilaya na wilaya.

Kinachovuruga hesabu zaidi ni anwani. Mama ametoka Musoma, mkoani Mara, na mtoto aliyevimba taya, amefika hospitali ya Bugando, Mwanza. Akiulizwa anakaa wapi anajibu Igoma, kwa dada yake, maana ndiko anakolala. Karani anaandika Igoma. Basi, mgonjwa wa Mara kageuka wa Mwanza, na Mara inaonekana salama. Mimi nikiona kiwango kidogo kwenye mkoa usio na hospitali kubwa, kwanza nakitilia shaka.

Tofauti za kweli zipo lakini, na mfano mkubwa ni huohuo uvimbe wa taya, saratani inayoitwa limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliueleza mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walishika njia kwa gari hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona. Ulijaa kwenye joto na mvua, kama kandokando ya Ziwa Victoria na pwani. Ukipanda nyanda za juu za Kenya, ni nadra. Ramani yake ilifuata ya malaria.

Uvimbe wa taya angalau jirani anauona. Saratani ya damu, inayoongoza kwa watoto wa Ulaya, haionekani hivyo. Mtoto ana homa, damu imepungua, anapewa dawa ya malaria. Akifia nyumbani, daftari la saratani halimjui.