Nani Huitwa Mtu wa Ulaya? Mchango wa Fasihi na Nadharia

Kwa upande wa mashariki Ulaya haina mpaka wa asili usiobishaniwa, kwani nchi kavu yake imeungana na ya Asia na Urusi imeenea pande zote mbili za milima ya Ural. Kwa hiyo swali la nani ni wa Ulaya limejibiwa kwa sehemu kubwa na waandishi, na majibu yao yamebadilika kufuatana na yule waliyetaka abaki nje.

Mfano wa kale ni tamthilia ya Aeschylus, mwandishi wa Ugiriki ya kale, kuhusu Waajemi (watu wa Iran ya kale), iliyoigizwa Athens mwaka 472 KK. Humo mama wa mfalme Xerxes anaota wanawake wawili, mmoja amevaa Kiajemi na mwingine Kigiriki, ambao mwanawe anawafunga nira ya gari lake. Wa kwanza anatii, wa pili anaivunja.

Mwaka 1748 Montesquieu, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliuingiza mgawanyo huo wa watiifu na walio huru ndani ya Ulaya yenyewe. Aligandisha ulimi wa kondoo, akaona vinundu vyake vimesinyaa, akahitimisha kwamba baridi huwapa watu nguvu na ukweli wa moyo, ilhali joto huwalegeza wakawa wepesi wa kutawaliwa kimabavu. Huo ulikuwa ushahidi dhaifu mno kwa hukumu nzito kiasi hicho, lakini hukumu ilishika, na watu wa kusini mwa Ulaya wakahesabiwa kuwa pungufu. Mwaka 1800 mwandishi Madame de Staël naye aligawa fasihi ya Ulaya mafungu mawili, la kusini lenye asili kwa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, na la kaskazini, alilolipenda zaidi, lenye asili kwa Ossian, aliyedaiwa kuwa mshairi wa kale wa Scotland. Mashairi hayo ya Ossian yalichapishwa miaka ya 1760 na James Macpherson wa Scotland kama urithi wa kale, ingawa sehemu kubwa aliitunga mwenyewe.

Jibu kutoka kusini halijulikani inavyostahili. Juan Andrés, padri wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti aliyefukuzwa Hispania pamoja na wenzake mwaka 1767, alianza mwaka 1782 kuchapisha huko Parma, Italia, historia ya fasihi yote ya dunia. Alidai kwamba vina vya washairi wa Provence, kusini mwa Ufaransa, ambavyo wengi waliviona chimbuko la ushairi mpya wa Ulaya, vilitokana na Waarabu wa Hispania. Wataalamu bado wanabishana kuhusu dai hilo, lakini uzito wake ni mkubwa: aliyewekwa nje ya Ulaya anakuwa mmoja wa waasisi wake.

Frantz Fanon, mwandishi mzaliwa wa Martinique aliyepinga ukoloni, alikwenda mbali zaidi mwaka 1961 alipoandika kwamba Ulaya ni zao la Ulimwengu wa Tatu, maana utajiri wake ulitoka katika jasho na mali ya waliotawaliwa.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, amelileta suala hili kwenye meza ya uhamiaji. Katika riwaya yake ya By the Sea, ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar kutoka Zanzibar anatua Gatwick, uwanja wa ndege wa Uingereza, kuomba hifadhi. Ofisa anayemhoji, ambaye pia anamnyang'anya kikasha chake cha udi, ni mtoto wa wakimbizi kutoka Romania, na anamweleza kwamba wazazi wake walistahili kupokewa kwa kuwa wao ni wa Ulaya, ni wa familia. Romania, ambayo kwa muda mrefu watu wa magharibi waliiona kuwa ukingo wa Mashariki, inahesabiwa ndani mara tu anayebisha hodi anapokuwa Mzanzibari.