Kutafuta neno kwenye orodha: Kasulu na Kasulu Mji ni vitu viwili

Mkoa wa Kigoma una halmashauri 8, na majina yake yanatosha kumwonyesha mtu karibu kila kosa la kutafuta neno ndani ya orodha. Kuna Kasulu na kuna Kasulu Mji. Kuna Kigoma na kuna Kigoma Ujiji. Vijana ninaowafundisha Python, lugha ya kuandikia programu, hapa Mwanga mjini Kigoma huanza na majina hayo, na dhana hizi nimezisikia kwao.

Dhana: "in" hutafuta neno lilelile tu.

Inategemea unatafuta ndani ya nini. Ukiipa orodha, Python hulinganisha neno lako na kila kipengele kizima. Ukiipa maandishi, huangalia kama herufi zako zimo humo, popote pale. Basi `"Kasulu" in ["Kasulu Mji", "Uvinza"]` hutoa False, lakini `"Kasulu" in "Kasulu Mji"` hutoa True.

Kijana mmoja alikuwa akijumlisha madawati kwa kila halmashauri. Alipita kwenye orodha kwa `for`, na ndani yake akaandika `if "Kasulu" in jina`. Programu haikulalamika hata kidogo. "Mwalimu, mbona Kasulu imezidi?" Nikamwambia achapishe kila jina linalopita kwenye sharti lile. Mojawapo lilikuwa Kasulu Mji. Akaandika `if jina == "Kasulu"`, hesabu ikakaa sawa. Kosa la namna hii ndilo ninalolihofia kuliko yote, kwa sababu jibu hutoka, tena linafanana na jibu la kweli.

Jirani yake ni mkato uliosahaulika. Ukiandika `"Uvinza" "Buhigwe"` bila mkato katikati, Python huyaunganisha yakawa "UvinzaBuhigwe", na ukitafuta Uvinza unaambiwa haipo. Hesabu vipengele kwa `len()`: vikiwa 7 badala ya 8, umeshajua pa kuangalia. Vilevile `("Kasulu Mji")` si orodha ya kitu kimoja. Mabano pekee hayatoshi, ni maandishi tu, na "in" itarudi kutafuta vipande vya herufi.

Dhana: nikiyaona yanafanana, kompyuta nayo itayaona hivyo.

Kompyuta hulinganisha herufi kwa herufi, na nafasi tupu nayo ni herufi. "Kibondo" na "Kibondo " si kitu kimoja. Chapisha kwa `repr()` uone kilichojificha, kisha ondoa nafasi za pembeni kwa `strip()`. Kama herufi kubwa na ndogo hazina maana kwako, tumia `casefold()` pande zote mbili.

Sisi tunaopakana na Burundi na Kongo tuna jambo la ziada: majina ya Kifaransa. Ile é ya André inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, U+00E9 (namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi), au kama e ikifuatwa na alama yake, U+0301. Kwenye skrini huoni tofauti, lakini `==` inakataa. Pitisha majina yote kwenye `unicodedata.normalize("NFC", jina)`, ili é zote zihifadhiwe kwa namna moja, mara tu yanapoingia, wala usingoje wakati wa kutafuta. Mtu kuambiwa hayumo kwenye orodha wakati yumo si jambo dogo.

Dhana: re.match, zana ya Python ya kutafuta kwa ruwaza, hudai neno zima.

Hudai mwanzo tu. Ukiipa "Kigoma" itakubali na "Kigoma Ujiji". Kuongeza `$` mwishoni kunasaidia, ila bado huachia alama ya mstari mpya ipite. Tangu Python 3.4 ipo `re.fullmatch`, nayo hudai kila herufi. Lakini kwa neno lisilobadilika `==` inatosha, na msomaji wa msimbo wako ataielewa papo hapo.

Dhana: VLOOKUP ya Excel hutafuta jina kamili.

Ukiacha sehemu ya nne ya amri hiyo wazi, hutafuta linalokaribia. Andika FALSE. Hata hivyo, kwake "kasulu" na "KASULU" ni mamoja.

Dhana: index() huonyesha kila mahali neno lilipo.

Huonyesha pa kwanza tu, na neno lisipokuwepo programu husimama kwa ValueError. Ukitaka pote:

`[i for i, jina in enumerate(orodha) if jina == "Kasulu"]`

Neno lisipokuwepo, hapa unapata orodha tupu na programu inaendelea.