Cetshwayo hakuangushwa na risasi za Ulundi

Cetshwayo kaMpande akitajwa, utasikia: mfalme mkorofi wa Wazulu kule Afrika Kusini, aliwachokoza Waingereza, wakamchapa, basi. Hadithi hiyo inamdhulumu, nami huniuma kila ninapoisikia.

Dhana: Yeye ndiye aliyeanzisha vita.
Hakuwa malaika. Mwaka 1856 alimshinda nduguye Mbuyazi kule Ndondakusuka, na maelfu waliangamia. Ila vita vya 1879 havikuwa vyake. Tarehe 11 Desemba 1878 wajumbe wake waliitwa kando ya mto Thukela, wakaketishwa chini ya mti. Kwanza walisomewa uamuzi wa tume ya mpaka kuhusu ugomvi wao na Makaburu wa Transvaal, na kwa sehemu kubwa Wazulu ndio waliopewa haki. Wakala nyama. Mchana ikaja karatasi ya pili: mfalme avunje jeshi lake ndani ya siku 30. Angelivunjaje? Vijana walimtumikia vikosini na hawakuoa mpaka awaruhusu. Bila vikosi hakuna ufalme. Mwenye masharti hayo alikuwa Sir Bartle Frere, mwakilishi mkuu wa Uingereza kusini mwa Afrika, yule yule aliyekwenda Zanzibar 1873 kumbana Sultani Barghash juu ya biashara ya watumwa, na ambaye Freretown ya Mombasa inaitwa kwa jina lake. Serikali yake London haikutaka vita wakati ule.

Dhana: Ushindi wa Wazulu kule Isandlwana ulikuwa bahati.
Mzee Ntshingwayo kaMahole, jemadari wa Wazulu, aliwaficha bondeni wapiganaji wapatao 20,000, kimya. Siku ya Januari 22 walipogunduliwa, waliikumbatia kambi ya Waingereza kwa mtindo wa pembe za nyati, yaani kuizunguka kwa pande mbili. Upande wa Waingereza ulipoteza watu zaidi ya 1,300. Cetshwayo alikuwa amekataza jeshi lisivuke kuingia Natal, koloni la Waingereza, kwa kuwa bado alitaka mazungumzo.

Dhana: Vita vya Ulundi ndivyo vilivyommaliza.
Julai 4, aliposhindwa Ulundi, makao yake ya oNdini pale pale yalichomwa, na Agosti alikamatwa msituni Ngome, akapelekwa Cape Town. Hapo ndipo Wolseley, jenerali wa Waingereza, alipofanya jambo baya kuliko mizinga: aliikata nchi vipande 13, kila kimoja na mtawala wake. Mmoja wao, John Dunn, alikuwa mzungu. Mwingine, Zibhebhu, alikuwa wa ukoo wa kifalme.

Mwaka 1882 Cetshwayo alifika Uingereza, akaonana na Malkia Victoria, akaruhusiwa kurudi. Akarudishwa Januari 1883 kwenye sehemu tu ya nchi yake, amekatazwa kuwa na jeshi, na Zibhebhu ameachiwa eneo lake. Alfajiri ya Julai 21 mwaka ule Zibhebhu aliivamia oNdini iliyojengwa upya. Wazee wakubwa wa nchi waliuawa siku moja, Ntshingwayo akiwamo: shujaa wa Isandlwana aliuawa na Wazulu wenzake.

Mfalme alitoroka na majeraha ya mkuki. Alifariki Eshowe, Februari 8, 1884. Daktari alitaja moyo. Jamaa zake waliamini ni sumu. Walimpakia kwenye gari la kukokotwa na ng'ombe, wakampeleka hadi Nkandla kumzika.