Makofi ya mkutanoni si ridhaa

Viongozi wengi wa SACCOS (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) huamini kwamba wanachama wakishapiga makofi kwenye mkutano mkuu, mabadiliko yamekubalika. Si kweli. Mkutanoni watu hunyamaza kwa adabu. Pingamizi huibuka baadaye, kwenye dirisha la karani.

Chukua chama kinachoacha vitabu vya akiba na kuhamia mfumo wa simu. Mwanachama akiambiwa kitabu kinaondolewa, anachosikia ni kwamba ushahidi wa fedha zake unapotea. Karani naye, aliyezoea kuulizwa salio na kila mtu, anaona umuhimu wake unakwisha. Hakuna hotuba inayotibu hofu hizo mbili, hata ikirudiwa mara kumi.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya mkutano. Zungumza na mhasibu, makarani na kamati ya mikopo, mmoja mmoja, ukiuliza: "Wewe utaharibikiwa na nini?" Andika majibu, kisha rekebisha mpango kweli, kwa sababu anayeulizwa halafu akapuuzwa huwa mpinzani mkali kuliko asiyeulizwa kabisa. Anza na tawi moja kwa mwezi mzima, vitabu na mfumo vikienda sambamba. Kila jioni hesabu za pande zote mbili zilinganishwe, na tofauti itafutwe kabla ofisi haijafungwa. Mwanachama aondoke na risiti ya karatasi pamoja na ujumbe wa simu. Asiye na simu apangiwe utaratibu wake tangu siku ya kwanza. Mkutano ukifika, anayeeleza awe karani wa tawi hilo, si mwenyekiti.